Kununua dawa ya ADHD hapa Houston, na kifuniko chenye saa ambacho sitakirudisha dukani

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka achukue aondoke, maana wenye ADHD kama mimi, ile hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, wengi hawafiki aya ya tatu. Dawa yangu nanunua famasi ndogo ya mtaani huku kusini magharibi, pande za Alief, nalipa zaidi kidogo ya ambavyo ningelipa Costco, yale maduka makubwa ya wanachama, na roho yangu nyeupe. Na kwenye kukumbuka kumeza, kitu pekee ambacho bado kipo mezani kwangu kinafanya kazi ni kile kifuniko cha kopo chenye saa, TimerCap, vingine vyote vipo kwenye droo vinalala na chaja za simu ambazo hata hazitengenezwi tena. Basi umeshapata. Wenye muda tuendelee.

Kwanza tuelewane kuhusu dawa yenyewe, bila hapo utashangaa mtu mzima anakaa kuandika riviu ya maduka ya dawa kama vile anachagua saluni. Bongo tumezoea ukiwa na cheti cha daktari, na wakati mwingine hata huna, unaingia duka la kwanza, wakikosa unavuka barabara unaingia la pili. Huku hizi dawa zetu, Adderall, Vyvanse, Ritalin, Concerta na jeneriki zake zote, yaani dawa ileile bila jina la kibiashara, serikali imeziweka kundi la 2 la dawa zinazodhibitiwa, benchi moja na mofini na oksikodoni, zile dawa kali za maumivu. Dawa ya presha daktari anaandika mara moja na famasi inakujazia miezi na miezi, hii yetu hairuhusiwi kujazwa tena kwa cheti kilekile, kila mwezi cheti kipya. Ila kuna kitu madaktari wengi hawakwambii mpaka uulize, sheria inamruhusu akuandikie vyeti kadhaa kwa mkupuo, jumla visizidi siku 90, kila kimoja kikiwa na tarehe yake ya kuanza kutumika. Muombe. Mi nilivyoomba yule daktari akasema tu "sawa" kama nimemwomba kalamu.

Afu hapa Texas tangu Januari 2021 vyeti vya dawa hizi vinatumwa kwa kompyuta kutoka kwa daktari moja kwa moja mpaka famasi, karatasi mkononi hupewi ukiacha sababu maalum. Kwahiyo duka unalichagua ukiwa bado umekaa kwenye kiti cha daktari, kabla hajabonyeza kutuma, na hapo ndo watu wanapoharibikiwa maana wanataja lolote linalowajia kichwani, cheti kinaenda, wanafika wanaambiwa dawa hamna, na cheti kimeshakaa kule.

Na kuhusu dawa kutokuwepo siongezi chumvi. Oktoba 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huku, ilitangaza rasmi kwamba Adderall ile ya kawaida imeadimika, na baada ya hapo uhaba ukawa unahama, mwezi huu kidonge hiki, mwezi ujao kile. Agosti 2023 zikaidhinishwa jeneriki za Vyvanse tukashangilia tukajua sasa tumepona, kumbe foleni ikahamia huko. DEA, idara ya serikali ya kudhibiti dawa za kulevya, ndo wanapanga kila mwaka kiasi gani cha hizi dawa kitengenezwe nchi nzima. Juu ya hapo wale wasambazaji wakubwa watatu wa dawa nchini walishaingia makubaliano ya kulipa hadi dola bilioni 21 kwa kesi za dawa za kutuliza maumivu zilizoleta uraibu, na toka 2022 wanaangalia kwa tochi oda ya kila famasi kwa dawa zote zinazodhibitiwa, famasi ikiagiza kupita kiwango chake oda inakatwa. Kwahiyo yule binti wa kaunta akikwambia hamna, mara nyingi hana kosa, usimchambe.

Sasa maduka.

Nilipoanza nilienda duka la mnyororo mmoja mkubwa karibu na kwangu, jina naliacha kabatini. Kwa macho lilikuwa na kila kitu, linafungwa usiku sana, lina dirisha unachukulia dawa hujashuka kwenye gari, lina apu. Shida ni simu. Ukipiga unapokelewa na mashine, mashine inakuuliza tarehe ya kuzaliwa, unaisema, inasema haijakusikia, unarudia kwa lafudhi ya kwenye sinema, inakuweka kwenye muziki. Muziki ule mi ndo unanimaliza, ndani ya dakika mbili nimeshaanza kuosha vyombo simu iko begani, nimesahau napiga wapi, mtu anapokuja kupokea namuuliza "nani mwenzangu?". Na ukimpata mtu ukamuuliza dawa fulani mnayo, anakwambia kwa dawa za aina hiyo hatusemi kwenye simu, njoo. Naelewa sababu, ni usalama, hawataki wezi wajue nini kipo ndani, lakini hiyo "njoo" kwa mji kama Houston ni gari, mafuta na barabara ya 59 jioni.

Siku moja nikapata meseji dawa yako iko tayari. Nikatoka kazini mapema, nikafika, nikasubiri nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa anabishana kuhusu kuponi, zamu yangu ikafika, dada akaingia nyuma akarudi na kamfuko keupe kamefungwa vizuri kabisa. Nikakagusa kwa nje nikasikia kopo zito, nikafungua palepale kaunta. Vitamini D. Ile nyingine akasema bado, ingia kwenye apu utaona hali yake. Nikaingia kwenye apu, apu inasema piga simu famasi, na famasi yenyewe imesimama mbele yangu imevaa koti jeupe. Nikamwambia daktari ahamishie pengine.

Costco. Hawa wengi hawajui kitu kimoja na wakijua wanafurahi, famasi ya Costco huhitaji kuwa mwanachama, mlangoni unamwambia yule anayecheki kadi kwamba unaenda famasi anakuruhusu. Bei za jeneriki ni nzuri, kwa mtu asiye na bima au ambaye bima yake haijafika kile kiwango cha mwaka anacholipa mwenyewe kwanza, hapo ndo pa kuanzia kuulizia. Wafamasia wake niliowakuta hawana papara, wanakueleza. Kwa bei nawapa nyota tano.

Lakini jamani, fikirieni jengo lenyewe. Mtu ambaye ugonjwa wake ni kuvutwa na kila kinachong'aa unampitisha mlangoni kwenye televisheni za inchi 85 halafu unamwambia dawa yako itakuwa tayari baada ya dakika arobaini, zunguka zunguka. Nizunguke? Wapi? Mi nimeenda kuchukua dawa ya kunisaidia nisinunue boti ya kupuliza halafu wananiambia nisubiri pembeni ya maboti ya kupuliza. Hata ukijibana, ile soseji na soda ya dola 1.50, bei hiyohiyo tangu 1985, inakuita, unakaa kula, ukimaliza unaenda zako kwenye gari na dawa umeiacha. Halafu famasi zao nyingi Jumapili hazifunguliwi, na Jumapili ndo siku mtu wa aina yetu anagundua kopo limebaki tupu. Kwa hiyo Costco ni kwa mwenye ADHD ambaye ana mwenza. Unamtuma mwenza. Mwenza anaingia na kutoka na kitu kimoja, sijui wanawezaje.

H-E-B ndo ingekuwa namba mbili yangu. Sisi wa Texas tunajua, pale ndo unanunua unga, ndizi mbichi, mihogo ya kugandishwa, mbuzi ukibahatika, kwahiyo lazima utakwenda tu kila wiki, na famasi ikiwa humohumo dawa inajibandika kwenye safari ambayo ipo tayari. Hiyo ni hoja kubwa kuliko inavyosikika. Kwetu sisi safari mpya yenye kazi moja ndo inayosahaulika, ila iliyopachikwa kwenye kitu unachofanya siku zote inapona. Tahadhari ni kwamba masaa ya famasi sio masaa ya duka, duka linaweza kuwa wazi taa zinawaka watu wanajaza matoroli na famasi imeshashusha shata. Angalia masaa yao ukaandike kwenye friji.

Mtandaoni nitapita haraka kwa sababu kwa dawa hizi hakuna la maana. Amazon Pharmacy hawatumi dawa za kundi la 2, usipoteze jioni yako kujaza fomu kama walivyopoteza wengine. Ile famasi ya mtandaoni ya bilionea Mark Cuban, Cost Plus Drugs, iliyofunguliwa Januari 2022, utaratibu wake naupenda sana, wanakuonyesha walichonunulia, wanaweka asilimia 15 juu, dola 5 za kazi ya mfamasia, na nauli ya kutuma, mwisho, hakuna maigizo. Lakini ni kwa dawa zisizo kwenye udhibiti huu. Kama wewe unatumia atomoxetine au guanfacine, ambazo nazo ni za ADHD ila sio za kusisimua na haziko kundi la 2, wewe una bahati, unaweza kununua kwa posta na cheti chako kikajazwa tena na tena, riviu hii haikuhusu nenda kalale.

Kuponi za GoodRx, ile apu ya punguzo la bei za dawa, zinafaa, tena kuna wakati bei ya kuponi inakuwa chini ya ile unayochangia kwa bima, kwahiyo kila mara uliza zote mbili, sema "nipe bei ya bima na bei ya kuponi", hawakasiriki. Ila ujue 2023 tume ya biashara ya Marekani iliwapiga faini ya dola milioni 1.5 kwa kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa makampuni ya matangazo kama Facebook na Google. Mi natumia kuponi ya kuonyesha tu kaunta, apu yao nimeitoa.

Tuje kwenye famasi yangu. Ni chumba kimoja kwenye safu ya maduka, kulia kuna saluni ya kusuka, kushoto wanauza kadi za kupiga simu na vitenge. Mwenyewe ni Mnigeria, mtu wa makamo, mtaa mzima tunamwita Dokta. Hakuna apu. Hakuna dirisha la gari. Ukipiga simu anapokea yeye au mkewe, mlio wa pili, na anakujua kwa sauti. Hicho ndo kinachonifanya nilipe zaidi. Nilipoenda mara ya kwanza hakunikubali palepale, alinihoji nakaa wapi, daktari wangu nani, yuko wapi, nimewahi kununua wapi, akaniambia wazi kwamba dawa hizi anazo kwa mgao na akichukua mgonjwa mpya ina maana anamtengea kila mwezi, kwahiyo hataki wa kuja na kupotea. Wengine wanaona hiyo ni dharau. Mi niliona huyu sasa anafanya kazi. Na toka baadhi ya kampuni za madaktari wa kwenye simu zilivyoharibu 2022, zikituhumiwa kuandika dawa hizi ovyo, mpaka minyororo mikubwa ikaacha kupokea vyeti vyao, mfamasia anayekuuliza maswali ana haki zake.

Utaratibu wetu uko hivi, siku chache kabla kopo halijaisha ananipigia yeye. Yeye! "Dada yangu, daktari wako ametuma?" Kama hajatuma ananiambia nimpigie daktari leo sio kesho, na akiniona nasitasita anampigia mwenyewe. Bima nyingi haziruhusu uchukue mapema, unakaa mpaka siku moja mbili za mwisho, kwahiyo dirisha lenyewe ni jembamba na yeye analijua kwa kila mtu wake kichwani. Ukifika anatoa funguo, anafungua kasiki, anamimina vidonge kwenye kile kisahani cha bluu, anavihesabu vitano vitano kwa kile kijiko bapa, tik tik tik, anavihesabu tena upande wa pili, afu ananigeuzia kopo niangalie jina la kiwanda. Hilo la kiwanda alinifundisha yeye, jeneriki zinatoka viwanda tofauti na kuna watu wanahisi tofauti wakibadilishiwa, akipata kiwanda kingine ananiambia kabla ili nikihisi kitu nijue kimetoka wapi. Mnyororo mkubwa hakuna aliyewahi kunigeuzia kopo.

Mabaya yake nayo niyaseme. Mgao ukikatwa, yeye ndo anaumia wa kwanza, mnyororo mkubwa una matawi mengi wanaweza kukuelekeza tawi lingine, Dokta tawi lake ni lilelile. Akiugua au akienda kuzika kwao, hakuna famasi. Anafunga mapema. Na maegesho yake Jumamosi, kwa sababu ya ile saluni, Mungu ndo anajua.

Ndo maana mjue sheria mbili hizi, zitawaokoa popote mnaponunua. Ya kwanza, tangu mwishoni mwa Agosti 2023 DEA wanaruhusu cheti cha kompyuta cha dawa hizi kihamishwe kutoka famasi moja kwenda nyingine mara moja, kama hakijajazwa bado. Zamani ilikuwa lazima urudi kwa daktari afute aandike upya. Famasi nyingine watakwambia haiwezekani kwa sababu mfumo wao hauna hiyo au hawataki kazi, uliza kwa upole, uliza tena. Ya pili, wakikwambia tunavyo vidonge kumi tu kati ya thelathini chukua hivi, uliza vilivyobaki vinakuja lini, kwa sababu kama upungufu ni wao vinatakiwa viwe vimepatikana ndani ya saa 72, ikipita hapo salio limekufa na unahitaji cheti kipya. Kumi zinaweza kukufaa, ila chukua ukijua.

Sasa umeipata dawa. Kuimeza ni habari nyingine.

Watu wasio na hii hali wanadhani tatizo letu ni kusahau kumeza. Kusahau kupo, lakini kinachotesa zaidi ni saa nne asubuhi, uko kazini, unajiuliza nimemeza au sijameza? Unakumbuka kabisa umeshika kopo. Lakini hiyo ya leo au ya jana? Asubuhi zote zinafanana. Ukisema umemeza kumbe hujameza, siku imekwenda. Ukisema hujameza ukameza tena, moyo unakwenda mbio mpaka usiku na usingizi hauji, hizi dawa sio za kurudia kwa kubahatisha. Na ya muda mrefu kama hii yangu ya lisdexamfetamine, ndo dawa iliyo ndani ya Vyvanse, ukiimeza mchana usiku unahesabu mapanga ya feni.

Kisanduku cha siku saba kinajibu hilo swali, nakiri. Chumba cha Jumanne kitupu, umemeza, kwisha. Kinauzwa kila mahali na ni bei ya soda. Lakini lazima ukijaze kila wiki, na hiyo kazi ya kujaza ndo kazi yenyewe ninayoishindwa, tumehamisha tatizo kutoka asubuhi kwenda Jumapili. Kingine, vifuniko vyake mtoto wa miaka miwili anafungua kwa kidole, na kama una watoto ndani hizi sio dawa za kuacha mezani. Kingine tena, ukikitia kwenye mkoba ukatoka nacho, unatembea na vidonge vya amfetamini visivyo na jina wala lebo, ukisimamishwa barabarani una mengi ya kueleza. Kwa mzee mwenye dawa nane kwa siku kisanduku ni sawa kabisa. Kwangu mimi wa kidonge kimoja, hapana.

Alamu ya simu nimeizima nikiwa usingizini mpaka kidole kinajua njia chenyewe. Apu ya Medisafe ni nzuri, imetengenezwa na watu wanaofikiri, unaweza hata kumuunganisha ndugu akapata taarifa usipothibitisha, lakini inaomba uguse "nimemeza", na mi nagusa kwanza nikiwa kitandani ili inyamaze.

Mama yangu yuko Tanga, huyu naye ni huduma nitaifanyia riviu. Alivyosikia habari za ADHD mwanzoni alisema huo ni utundu tu hata mjomba alikuwa nao, afu akanyamaza wiki kadhaa, afu akaamua kazi ya kunikumbusha ni yake. Anapiga saa tisa alasiri ya kwao, ambayo kwangu ni saa moja asubuhi. Mazungumzo hayabadiliki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate sio chakula. Umeshameza?"

"Bado."

"Meza nikusikie."

Na kweli anasubiri, nasikia majogoo ya jirani yake kule, nameza, nasema aaah, anakata simu. Hakuna apu inayofika hapo. Na lile swali la chakula lina maana kuliko anavyojua, dawa ikishika hamu ya kula inapotea mpaka jioni, usipokula kabla umeshapoteza. Shida ya huduma hii ni Novemba, huku saa zinarudishwa nyuma, Tanga hawarudishi chochote, simu inaanza kulia saa kumi na mbili asubuhi giza bado na mama haelewi kwa nini nchi nzima inabadilisha saa, na kusema ukweli hata mimi siwezi kumweleza. Nyota nne na nusu.

Ndo tufike kwenye TimerCap. Ni kifuniko cha kopo la dawa, juu kina kioo kidogo chenye tarakimu, kinahesabu masaa na dakika tangu mara ya mwisho kopo lilipofungwa. Basi. Hakiongei na simu, hakihitaji akaunti, hakiombi uguse kitu. Ukifungua na kufunga kinaanza sifuri chenyewe. Saa nne unajiuliza umemeza au la, kama kopo liko nawe unaangalia, kimeandika masaa matatu na dakika kumi, umemeza. Kimeandika masaa ishirini na saba, hujameza. Kama kopo liko nyumbani, unampigia aliyepo akusomee. Uzuri wake ni kwamba kumbukumbu inaandikwa na kitendo chenyewe, lazima ufungue kopo ili umeze, hakuna hatua ya ziada ya kusahau. Na kopo linabaki lilelile la famasi lenye lebo yenye jina langu na la daktari.

Kasoro zipo. Ukifungua kuhesabu tu vimebaki vingapi, umefuta ushahidi wako mwenyewe, kwahiyo mi nahesabu palepale baada ya kumeza au sihesabu. Kinajua kopo limefunguliwa, hakijui kama umemeza, unaweza kufungua, simu ikaita, ukafunga. Mama ndo anaziba hilo pengo. Na saizi, saizi, saizi! Makopo ya famasi yana vipenyo tofauti na sio kila kifuniko kinaingia kila kopo, nenda nacho famasi umwombe akuwekee dawa kwenye kopo linaloingiliana, Dokta alitoa makopo matatu tukajaribu moja moja kaunta wateja wanatuangalia. Afu hakikisha unachonunua ni kile kigumu kwa mtoto kufungua kama una watoto, na hata hivyo liweke juu. Langu linakaa kabati la juu, pembeni ya majani ya chai, kwa sababu chai sijawahi kuisahau hata siku moja.

Wanaoshindwa kumeza vidonge, hasa wenye watoto wenye hali hii, kwa Vyvanse na jeneriki zake kapsuli inaruhusiwa kufunguliwa ukachanganya unga wake kwenye maji, mtindi au juisi ya chungwa, ukanywa yote hapohapo. Concerta usiiguse, haisagwi haikatwi, na ukikuta gamba lake chooni usiite gari la wagonjwa, ndo ilivyotengenezwa, dawa imetoka gamba limebaki.

Mkisafiri kwenda nyumbani hapo kifuniko nakitoa narudisha kile cha famasi, kopo na lebo yake, barua ya daktari yenye jina la dawa na kipimo, vyote kwenye begi la mkononi, sio la kupakia. Wanaopitia Dubai na kutaka kutoka uwanjani kulala kwa shangazi siku mbili, Emirati wana utaratibu wa kuomba kibali mtandaoni kabla hujaingia na dawa za udhibiti, ombeni mapema, na ukipitia nchi nyingine yoyote ya Ghuba angalia masharti yao kabla ya kukata tiketi. Na mwambie mfamasia tarehe ya safari mwezi mmoja kabla, maana bima isipojulishwa haitakubali utoe dawa ya kukutosha kukaa Tanga wiki sita. Dokta wangu hilo analiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu. Mwaka huu kaniandika Desemba tarehe kumi na mbili, na mi tiketi bado sijakata.